Nesi, Nipe Shuka

Mimi si mtu wa kucheka ovyo, na nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nasimulia kichekesho. Ni dobi wa hospitali. Miaka ishirini na miwili nimefua mashuka ya wodi nne, na anayefua mashuka ya wagonjwa anazijua siri za watu kuliko daktari: nani ametapika, nani amelia, nani ameondoka bila kuaga. Kila shuka lina alama ya wino mweusi pembeni, namba ya wodi na namba ya kitanda. Kwa hiyo nikisema shuka la wodi ya tatu, kitanda cha sita, sibahatishi. Nimelishika kwa mikono yangu.

Ila habari yenyewe ni ya mdogo wangu, fundi viatu wa pale getini, ambaye watu wote walimwita Kizibo.

Jina hilo lilimkaa sawasawa. Ni mfupi, mnene, shingo hana. Ukimtazama kwa nyuma ameketi kwenye kigoda chake unaona kama kuna mtu alimkandamiza kwenye mdomo wa chupa akamsahau. Analo jina alilopewa na mama, lakini waliolitumia ni watatu tu: mama, mimi na kinyozi wa hospitali. Hilo ni jina la nyumbani na nitaliacha nyumbani.

Kinyozi huyo ndiye mwenzake. Mrefu, mkavu, meno mawili ya mbele ya juu hana tangu ujana. Ukimuuliza yalikwenda wapi, anakwambia ameyaazimisha, yatarudi. Watu walimwita Pengo. Maneno yenye sauti ya s au sh yalimtoka na mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka, na mtu akiwa korido ya pili alijua Pengo yupo na anasema nini.

Walikutana kwa ajili ya mama. Mama alipata kiharusi, akalazwa wodi ya pili, upande mmoja wa uso ukalala. Siku kumi na moja hakusema neno. Kizibo alikuwa anafunga kazi mchana na kuja kukaa naye, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, alikuwa anapigapiga vidole kwenye debe tupu alilolikalia. Siku hiyo kinyozi alikuwa anamnyoa bibi wa kitanda cha jirani, aliyekuwa anapelekwa kupasuliwa kichwa. Akasikia ule mdundo, akauliza, "Bwana, huyo unayempigia hodi humo ndani ya debe, ameshaitika?"

Kizibo hakuinua hata uso. "Ameitika. Anasema kinyozi aote meno kwanza."

Mama akacheka. Alicheka nusu, maana uso aliokuwa nao ulikuwa nusu, lakini sauti ilitoka na nesi akaangusha kipimajoto. Daktari wa zamu alipoelezwa akawaambia wale wawili, kwa utani, "Hiyo dawa endeleeni nayo, kutwa mara mbili." Sasa ukimwambia mtu kama Kizibo neno la utani, umempa amri. Wakaendelea kutwa mara mbili kwa miaka kumi na minne. Mama aliishi miwili kati ya hiyo, na alikufa akiwa na maneno yake yote.

Pengo alikuwa na zeze alilojitengenezea, la uzi mmoja. Kizibo alikuwa na debe lake lilelile. Waliingia wodini saa nane mchana, wakati chakula kimeshuka na watu wameanza kuhesabu nyufa za dari, na tena jioni, na Pengo alianza kwa kusoma maelekezo kwa sauti ya mfamasia: "Kicheko kimoja, kutwa mara mbili, baada ya chakula. Tikisa mgonjwa kabla ya kutumia." Waliimba wimbo wa chupa ya mkojo, wimbo wa mwandiko wa daktari, wimbo wa ndugu anayekuja kukujulia hali na kumaliza chakula chako. Niliwaona watu wenye nyuzi tumboni wakiwabembeleza wanyamaze, wanaumia. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekatwa mguu wa kushoto, akageukia ukutani wiki nzima. Kizibo akamtazama kwa jicho la fundi, akamwambia, "Baba, tafuta mwenzako aliyekatwa wa kulia. Mnunue jozi moja, mgawane." Yule mzee aligeuka kutoka ukutani. Alianza kwa matusi, akamalizia kwa kicheko, na jioni ile akala.

Mimi niliwakaripia wote wawili. Nilimwambia Kizibo mara elfu kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha, na hospitali usaha upo wa kutosha. Na Pengo nilikuwa na kesi naye ya siku zote, kwa sababu alikuwa anawafunga wateja wake shingoni na shuka la hospitali badala ya kitambaa chake. Shuka linaniletea kilo nzima ya nywele, nywele zinaziba bomba la mashine yangu. "Dada," ananiambia kwa mluzi wake, "hizo ni mbegu, zipande." Namkimbiza na ufagio. Leo ninavyolisema hili, roho inaniuma.

Wimbo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa shuka. Pengo anapanda kwenye benchi, analala, anajikunja kwa baridi. Kizibo anajifunga kilemba cheupe, anashika kiuno, ndiye nesi. Pengo anaimba, "Nesi, nipe shuka, baridi imenishika." Kizibo anajibu kwa sauti nyembamba, "Shuka mwenyewe!" Basi Pengo anashuka kwenye benchi kwa tabu, anakaa sakafuni. "Nimeshuka, nesi. Nipe shuka." "Shuka tena!" Anapiga magoti, anainama, analala kifudifudi na sikio kwenye saruji. "Nimeshuka, nesi. Nipe shuka." "Shuka zaidi!" Hapo Pengo anainua kichwa, anatuangalia wote, anasema pole pole, "Nikishuka zaidi, nesi, nitawapigia hodi marehemu." Hata mimi huo ulinitoa meno mara mbili tatu, na nilisingizia chafya.

Halafu Pengo akaugua. Maji yaliingia kwenye mapafu, akalazwa wodi ya tatu, kitanda cha sita. Hakuna aliyedhani ni ugonjwa wa kumtoa roho. Alikuwa anawanyoa wagonjwa wenzake akiwa amekaa palepale kitandani.

Siku aliyokufa ilikuwa Alhamisi. Mashine yangu ya kufulia ilikuwa imekufa tangu Jumanne, na mashuka yalikuwa haba. Asubuhi nilipanda wodi ya tatu, nikalichukua shuka la kitanda cha sita, limejaa nywele kama kawaida yake. Nikamwambia Pengo, kwa ukali, kwamba atalipata saa nne. Saa nane lilikuwa bado kwenye beseni langu, limelowa. Hilo sikumwambia mtu kwa miezi saba.

Kizibo alikuja na debe. Wagonjwa wakaomba nyimbo, wakapewa. Pengo alikuwa ameegemea mto, jasho linamtoka, anatabasamu. Ulipoisha wimbo wa chupa ya mkojo, alimgeukia mdogo wangu, akamwita kwa jina lake la nyumbani, akasema, "Nipe shuka."

Kizibo akashika kiuno. "Shuka mwenyewe!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Walimngoja Pengo ashuke kitandani. Hakushuka. Wakacheka zaidi, wakadhani anawachelewesha kwa makusudi, maana alikuwa bingwa wa kuchelewesha. Nesi aliyenisimulia alisema yeye mwenyewe alijishika ukuta. Kicheko kilipokwisha, Pengo alikuwa ameshakwenda, macho wazi, mikono imejikumbatia kifuani kama mtu mwenye baridi.

Siku ya mazishi jirani mmoja alisimama kuzungumza, na kama watu wote wanaopewa nafasi ya kuzungumza makaburini, akasema, "Marehemu ametuachia pengo lisilozibika." Watu wakainua macho, wakamtazama Kizibo. Mmoja kicheko kikamponyoka puani. Wa pili akajiziba mdomo. Halafu watu wote, wakubwa kwa watoto, wakacheka huku wanalia, na Pengo angeipenda hiyo siku kuliko wote. Kizibo hakucheka. Wachimbaji walipoanza kuteremsha jeneza kwa kamba, mkubwa wao akawa anawaelekeza: "Shusha. Shusha tena. Shusha zaidi." Nilimshika mdogo wangu mkono. Ulikuwa wa baridi kama maji ya bombani alfajiri, na jua lilikuwa kali.

Toka hapo aliacha kuimba. Debe alilitia misumari na vipande vya soli. Aliendelea kukaa getini, akishona viatu vya watu bila kuwatazama usoni. Na nyumbani kwangu, kwenye chumba cha nyuma anakoishi, akakataa kujifunika. Shuka, blanketi, hata koti, hataki. Yalipoingia majira ya baridi nikawa namfunika akishalala, asubuhi nakuta shuka limekunjwa, limewekwa chini ya kitanda. Akaanza kukohoa. Akapungua mpaka ile mikunjo ya shingo asiyokuwa nayo ikaonekana. Nikimgombeza ananijibu neno lilelile. "Aliniita jina langu, dada. Kwenye wimbo anasema 'Nesi.' Hakuwa kwenye wimbo. Alikuwa na baridi, akaniomba mimi, nikamnyima."

Nilimzika mama. Sikuwa tayari kumzika na huyu. Nilikuwa naona waziwazi anakokwenda, anashuka hatua kwa hatua, na sikujua nimshike wapi.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi ndipo mambo ya wodi ya tatu yalipoanza. Yalianzia kwangu. Nilikuwa nachambua mashuka machafu, nikalikunjua lenye alama ya tatu na sita, nywele zikamwagika kwenye miguu yangu. Nywele zilizokatwa, fupi fupi, nyeusi na za mvi, laini na za kipilipili, nywele za vichwa vingi. Wodi ya tatu haikuwa na kinyozi. Kitanda cha sita alikuwa amelala kijana wa ajali, kichwa chake chote kimefungwa bandeji. Nikasimama pale chumba cha kufulia, mvuke unafuka, nikazifagia, nikazitupa. Kesho yake zilikuwepo tena. Nikikung'uta zinashuka, nikikung'uta zinashuka, na bomba la mashine likaanza kuziba kama zamani.

Halafu wagonjwa wakaanza kukikataa kitanda. Yule kijana wa ajali aliomba ahamishwe bila kusema sababu. Aliyemfuata alikuwa dereva wa lori, mtu wa miraba minne, akaondoka hospitalini kabla ya kuruhusiwa. Manesi walikuwa wananong'ona, nikipita na toroli wananyamaza. Aliyelisema wazi ni Mwalimu, mstaafu, aliyelazwa kitanda cha saba na hakuwa na wakati wa kuogopa watu.

"Dobi," aliniita. "Saa nane mchana, feni inazunguka, watu wote wamesinzia, kuna mtu kwenye kile kitanda anaomba shuka. Kitandani hakuna mtu."

"Labda Mwalimu uliota."

"Nimefundisha sarufi miaka thelathini. Naijua nomino nikiisikia na nakijua kitenzi. Yeye alitumia nomino. Na ana mluzi kwenye meno."

Nilisukuma toroli langu mpaka chini bila kuchukua shuka hata moja.

Habari ikafika kwa Matroni, mama mmoja mkali, mfupi wa maneno. Yeye hakuuliza kama ni kweli au si kweli. Vitanda vilikuwa havitoshi, wagonjwa wanalala wawili wawili, na kimoja kimekaa kitupu. Akaniita ofisini. "Mdogo wako ndiye aliyeombwa shuka?" Nikasema ndiye. "Akamnyima?" Nikasema hivyo ndivyo. "Basi aje ampe, mambo yaishe."

Kizibo alipoelezwa hakushangaa. Alinawa gundi mikononi, akachagua shuka kwenye rafu yangu, jipya, lililopigwa pasi. Saa nane akapanda wodi ya tatu, akalitandika juu ya godoro tupu taratibu, akalichomeka pembe zote nne kama anamfunika mtoto. Akasema, "Hili hapa, kaka. Nisamehe." Akangoja. Feni ilizunguka. Hakukuwa na kitu. Akarudi getini, nami nikapumua.

Kesho yake shuka lile lilikutwa chini ya kitanda, limekunjwa vizuri, na ndani yake nywele. Saa nane sauti ikaomba tena. Siku ile walioisikia walikuwa watu tisa.

Kizibo aliposikia, aliweka chini kiatu cha mtu alichokuwa anakishona. "Hanisamehe," akasema. Hakulia. Afadhali angelia. Jioni ile hakula, wala kesho yake, na kikohozi kikawa kinatoka chini kabisa kama kinachimbwa.

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu ndiyo iliyonipandisha ngazi mpaka kwa Mwalimu. Nilitaka kujua huyo Pengo anataka nini hasa, na kama ni ugomvi, agombane na mimi, tumezoeana. "Mwalimu," nikamwambia, "niambie neno kwa neno. Anasemaje?"

"'Nipe shuka.'"

"Hicho tu? Hamtaji mtu?"

Mwalimu akafunga macho, akalisikiliza tena kichwani. "Anamtaja. 'Nesi, nipe shuka.' Manesi wakija hanyamazi, ndiyo maana nikajua si wao anaowataka."

Nilishika chuma cha kitanda. "Una hakika ni 'Nesi'?"

"Dobi, mimi nimekwisha kukwambia nilifundisha nini."

Nilishuka zile ngazi mbili mbili, na umri wangu huu. Kizibo alikuwa kwenye kigoda chake, sindano mkononi, haishoni. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwita kwa jina lake. "Anasema 'Nesi.' Umenisikia? Haombi shuka. Anaimba. Miezi yote hii anakupa mwanzo wa wimbo na wewe humjibu, unakwenda kumtandikia godoro kama mjinga."

Akatikisa kichwa. "Siwezi, dada."

"Huwezi nini?"

"Kulisema lile neno. Nililisema siku ile, mtu akafa na baridi mbele yangu. Nikilisema tena ni kama nimemnyima mara ya pili."

Hapo ndipo nilipoona kwamba siri yangu inamuua. Nilikuwa nimeificha kwa woga, sina sababu nyingine. Yeye ndiye niliyebaki naye, na niliogopa kuchukiwa. Nikasema, "Hata ungetaka kumpa, ungempa nini? Kitanda chake hakikuwa na shuka siku ile. Lilikuwa kwangu. Nililichukua asubuhi, nikamwahidi saa nne, nikachelewa. Wakati anakuomba, mimi nilikuwa nalo chini huko, mikono yangu imo ndani ya beseni. Wewe ulimnyima kwa neno tu. Mimi ndiye niliyemnyima shuka."

Mteja mmoja alikuja na viatu, akatuona, akaondoka. Mwishowe Kizibo akainama, akaligeuza lile debe, misumari na vipande vya soli vikamwagika vyote chini. Akalifuta vumbi kwa kiwiko.

"Kilemba changu unacho?"

"Nilikifua," nikasema. "Kila wiki."

Saa nane tulipanda wote wawili. Ilikuwa saa ya wageni lakini wageni walikuwa wachache. Jua la mchana lilikuwa limejaa madirishani, wodi nyeupe pee, na hakuna pa kujificha chochote. Kitanda cha sita kilikuwa godoro tupu. Kizibo akajifunga kilemba, akakalia debe miguu ikiwa wazi, akaanza kulipiga kati ya magoti. Zeze halikuwepo. Akapiga ule mwendo wa wimbo wa shuka, akauzungusha mara tatu, akaacha nafasi ya Pengo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na toroli langu. Naapa kwa kaburi la mama, mimi sikusikia sauti ya mtu. Nilichokiona ni vichwa. Wagonjwa kumi na wanane, waliolala chali na waliolala ubavu, waligeuza vichwa kwa pamoja kukitazama kitanda cha sita, wakakaa hivyo kwa muda unaotosha mtu kuimba mstari mmoja. Kisha vichwa vyote vikageuka kumtazama Kizibo, vikingoja.

Akasimama, akashika kiuno.

"Shuka mwenyewe!"

Chuma cha kitanda kikalia, kile kilio cha springi mtu anapoinuka. Akapiga debe, akaacha nafasi. Vichwa vikaenda, safari hii macho yakatazama sakafuni kando ya kitanda. Vikarudi. "Shuka tena!" Sauti yake ilikuwa imepata nguvu. Nafasi. Macho ya watu yakashuka chini zaidi, kwenye saruji, pale ambapo mtu angelaza sikio. "Shuka zaidi!"

Ikabaki nafasi ya mwisho. Kizibo alisimama katikati ya wodi, mikono kiunoni, kilemba kimekaa upande, mtu peke yake. Mimi nilichosikia ni mluzi, mwembamba, kama wa birika, na dirisha lilikuwa wazi, sitabishana na mtu.

Mwalimu ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, kikamtoka puani, halafu wodi yote ikafuata. Walicheka wakajishika nyuzi zao. Mtu wa mwisho dirishani, aliyekuwa hajainuka wiki tatu, aliinuka kucheka. Kizibo aliwatazama mmoja mmoja, anageuka huku na huku, akafungua kilemba, akachukua debe, akatoka nje akinipita.

Sikumfuata mara moja. Nilikwenda kwa Mwalimu. "Kasemaje?"

Mwalimu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya shuka langu. "Mwisho wake hakuomba tena shuka. Anasema, 'Nimeshafika, nesi. Baridi hakuna. Ila huku wote wana vipara, sijui nitamnyoa nani.'"

Zile nywele. Nilisimama nimezikumbuka zote, za mvi na nyeusi. Mtu hana kazi aliko, akawa anapanda kuja kunyoa.

Kizibo nilimkuta njiani, amekaa juu ya debe kando ya ukuta wa hospitali. "Mimi sikumsikia, dada," alisema. "Wote wamemsikia, mimi sikumsikia. Wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia," nikasema. Mungu anisamehe. Nikamwambia ule mstari wote, neno kwa neno, na mluzi nikauigiza.

Alikikunja kilemba chake. Kisha akasema, "Vipara. Huyo ni yeye." Na machozi yakamtoka, ya kwanza tangu Alhamisi ile, yakamtoka kwa wingi mpaka wapita njia wakawa wanazunguka.

Tulifika nyumbani jua bado lipo. Homa ilikuwa imempanda, meno yanagongana, akajitupa kitandani na viatu. Nikamvua. Nilikuwa namimina maji ya dawa aliponiita.

"Dada. Nipe shuka."

Neno lilinijia ulimini lenyewe, tayari tayari, kama lilikuwa limejificha mlangoni linaningoja. Nililiuma. Alisema "Dada." Hakusema "Nesi." Nikachukua shuka jipya, nikalikung'uta, halikutoa hata unywele mmoja. Nikamfunika miguu, nikamfunika kifua, nikamfunika mpaka pale shingo ingekuwepo, nikachomeka pembe zote nne.

Halafu ndipo nikashika kiuno, nikasema, "Shuka mwenyewe."

Akacheka mpaka kitanda kikalia.